Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: sauti za kambi

Wazee wetu, akina mama, na ninyi mliozaliwa kambini kama mimi,

Mwaka huu kazi yetu kubwa ilikuwa kurekodi wazee wa kambi ya zamani ya wafanyakazi wa Union Minière hapa Lubumbashi, kampuni ya migodi ya shaba iliyotaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Tulianza na wanaume wa tanuru. Walitusimulia zamu, mishahara na majina ya wakubwa. Ni mambo ya thamani, lakini kambi yenyewe tuliikuta kwa akina mama.

Mama mmoja tulimwuliza habari za mposho, mgawo wa chakula wa kampuni. Hakujibu. Aliinuka, akatuonyesha alivyosimama foleni, mtoto mgongoni, kadi ya mumewe kaibana kwa meno ili mikono yote miwili ipokee unga. Kisha akatuonyesha kwa vidole ukubwa wa kipande cha makayabo, samaki wa chumvi, cha kila siku, ili kitoweo kifike mposho unaofuata. Tangu miaka ya 1920, kampuni ilipoanza kutaka wafanyakazi wakae na familia zao, mikono kama hiyo ndiyo iliyolisha kambi. Sijaona daftari lililoiandika.

Tulibishana pia kuhusu lugha. Baadhi yenu mlitaka maneno ya wazee yasahihishwe yafanane na Kiswahili cha vitabuni. Nilikataa, na bado nakataa. Mzee akisema "Gécamines njo baba, njo mama", tuandike njo, si "ndiyo". Kiswahili hiki kilikomaa kwenye nyua zetu, watu wa Kasai, wa Rwanda na Wabemba walipokuwa wakiombana chumvi. Na msemo huo tuliusikia kwa sauti mbili: wengine waliutamka kwa fahari, wengine machozi yakiwalengalenga, hasa walipofika mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari.

Walioshuhudia wagomaji wa Union Minière wakipigwa risasi uwanjani Desemba 1941 hatunao tena. Tunacho walichowaambia watoto wao tu. Ndiyo maana linaniuma kwamba mzee mmoja aliyejua nyimbo za zamu ya usiku tulimzika kabla hatujamrekodi. Alikuwa ameshakubali. Niliyeahirisha ni mimi, mara mbili, na ninawaomba radhi wanawe.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Mwaka ujao tuanze na akina mama waliovuka miaka 80. Anayejua nyumba ya bibi kama huyo anione leo, kabla hatujatawanyika.