Programu za sacco ziombe data zinayohitaji tu

Mhariri,

Nina neno na madevelopa wetu hapa Nairobi, hasa hawa wa programu za sacco. Mtu anafungua simu aone salio tu, lakini huko nyuma API, yaani njia ambayo programu inatumia kuomba data kwa seva (kompyuta ya sacco inayotunza rekodi), inabeba rekodi yake yote, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, hadi wadhamini wa mkopo, alafu kwa skrini inatokea salio peke yake na hayo mengine yamekaa tu humo ndani ya simu, na bando ni la nani? Langu! Ni kama kuitisha chapati moja kibandani uletewe sufuria nzima.

Na dawa ipo kitambo. API nyingi, za Google zikiwemo, zinakubali uandike kwa ombi lako fields= na majina ya sehemu unazotaka, seva inarudisha hizo pekee.

Kusasisha ndio kubaya zaidi. Ukitumia PUT, amri ya kubadilisha rekodi kwa seva, unatuma rekodi nzima upya, sasa ukisahau namba ya simu inaweza kufutika, ama karani mwingine amebadilisha anwani dakika hiyohiyo na wewe unaifunika na ile ya zamani bila kujua. PATCH, amri nyingine ya kubadilisha iliyowekwa rasmi 2010, inafaa kugusa ulichotaja tu.

Alafu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data iwe ile inayohitajika pekee. Wakaguzi waulize API zinarudisha nini jamani, sio kuangalia tu kile kitufe cha "nakubali".

Msomaji,
Umoja, Nairobi