Barua ya wazi kwa wajukuu: bibi yenu hakufika mia

Mbukwenyi, wajukuu zangu, mlioko Dar es Salaam, Dodoma mjini, Mwanza na kokote riziki ilikowapeleka.

Nimeonyeshwa fulana mnazotaka kuvaa siku ya arobaini. Picha ya bibi yenu imetoka vizuri. Kitenge nacho sina neno nacho, ingawa bei yake ingenunua debe kadhaa za mahindi pale Kibaigwa. Neno langu ni moja, ile namba chini ya picha: "Miaka 107". Naandika hadharani kwa kuwa si nyumba yetu peke yake. Siku hizi kila bibi anayefariki huku kwetu Kongwa anazikwa na miaka mia na ushei, na mchungaji anasoma alichopewa.

Namba hiyo najua ilikotoka. Kwenye kikao cha matanga kuna aliyesema bibi aliiona njaa ya Mtunya. Hakuiona. Mtunya ilikuwa 1917 hadi 1920, wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, majeshi yalipozoa ng'ombe na nafaka za Wagogo, wanaume wakachukuliwa upagazi, kisha mvua nazo zikakataa. Aliyeiona ni mama yake, na bibi aliisimulia kama aliyoisikia jikoni. Ninyi mlikuwa mnasikiliza nusu, simu mkononi.

Kitambulisho nacho msikitegemee. Kinasema 1 Januari 1930. Nilikuwa nimekaa naye alipoulizwa tarehe, akajibu, "Andika unavyoona, mwanangu." Wazee wengi wa mtaa wetu wamezaliwa mwaka mpya kwa njia hiyo hiyo.

Sasa hesabuni kama tulivyohesabu sisi. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza hapa Kongwa mwaka 1947. Bibi alikumbuka matrekta mawili yakivuta mnyororo mmoja katikati kung'oa vichaka, na mibuyu ikiyashinda. Alikuwa binti mdogo, amebebeshwa mdogo wake mgongoni, akakimbia kwa ule mngurumo hadi akamwangusha mtoto. Mtu wa kubebeshwa mtoto na bado akamwangusha ana miaka minane, tisa. Mradi ulikufa 1951, udongo ukikauka hapa ni kama saruji, na yeye alikuwa bado hajaolewa. Alipoletwa kwetu, kwa kaka yangu, mimi nilikuwa nachunga ndama. Siku ya Uhuru, 1961, mtoto wake wa pili alikuwa anatambaa. Basi bibi yenu amekufa na themanini na kitu.

Mtaniuliza, Babu, namba inamdhuru nani? Inamdhuru yeye. Mkimwongezea miaka ishirini mnampa njaa isiyo yake, na ile aliyopigana nayo kwa mikono yake hamuitaji popote. Nimesoma wasifu mliouandika: kutoka ndoa yake mmeruka mpaka kuhamia kwa serikali Dodoma, utadhani alilala hapo katikati.

Mwaka 1971 tulihamishwa kwenye Operesheni Dodoma, ile ya serikali ya kukusanya watu vijijini. Tembe tukaliacha na zizi lake, tukapangwa kijijini kwa mistari. Ilipofika 1974 ukame ulikuwa umetukalia. Serikali ikaleta unga wa mahindi ya njano, ule watu waliouita unga wa yanga. Watoto waliukataa, ladha hawakuizoea. Bibi akawa anauchanganya na uwele kidogo, anausonga mgumu, na mlenda mkavu alioutwanga mwenyewe. Lakini uwele ulikuwa unakwisha, na juu ya moto kulikuwa na kibuyu cha mbegu, mdomo wake umezibwa kwa mavi ya ng'ombe, moshi ukipita chini yake kuzuia wadudu. Kaka yangu alitaka kifunguliwe. Alikuwa mkali, wala si mtu wa kubishiwa. Bibi akasimama kati yake na moto, akamwambia, "Ukikifungua, unipeleke kwetu leo leo." Kaka akatoka nje. Mvua iliponyesha, sisi tulipanda. Baadhi ya majirani walikuja kuomba mbegu kwetu, na aliwapimia kwa kikombe cha chai. Hilo ndilo nililitafuta kwenye wasifu wenu, sikulikuta.

Sikilizeni basi mtakalofanya. Shangazi yenu ana sanduku la bati la bibi. Humo kuna daftari la kisomo cha watu wazima, alikojifunza kuandika jina lake na kisha akaandika ya watoto wake, herufi kubwa zinazopanda mlima. Lifungueni wote mkiwepo, mlipige picha, kisha lirudi sandukuni. Mmoja aende parokiani, kwa adabu, aombe kuangaliziwa daftari la ubatizo. Waanglikana wako Mpwapwa tangu 1876, nao ni watu wa kuandika. Na wawili waende Hogoro kwa yule bibi wa rika lake aliyebaki. Wasiende na maswali ya tarehe. Wamwulize matrekta, wamwulize yanga, wakae, na wasimkatize akirudia. Wabebe sukari na majani ya chai. Anasikia kwa sikio la kulia.

Shamba la alizeti tutaliongea kikaoni, si hapa.

Kama mpaka arobaini hamjapata mwaka, msalabani pawekwe jina lake na mwaka aliofariki, basi. Na wewe uliyelipa advansi kwa mchapaji, mpigie leo, fulana zitoke bila namba.

Babu yenu mdogo,
Kongwa