Banda Nililomjengea Mwizi

Chanika,
Dar es Salaam.
16 Juni 2024

Rafiki yangu Salehe,

Barua yako niliipokea wiki iliyopita, nami nimefurahi kusikia kwamba kiwanja cha Kigamboni kimekwisha kupimwa na kwamba unakusudia kuanza na kondoo majike 20 na dume mmoja. Umeniuliza ukuta wa banda upandishwe kozi ngapi za tofali, yaani mistari mingapi. Niwie radhi nikianzia mbali kidogo, kwa kuwa swali hilohilo ndilo lililonigharimu mimi.

Nilipojenga banda langu, mawazo yangu yote yalikuwa kwa mwizi. Majirani wawili walikuwa wameibiwa mbuzi usiku mmoja, basi nikamwagiza fundi apandishe tofali hadi kwenye paa pande zote nne, aache vidirisha viwili vya nondo, amwage zege chini na kutia mlango wa chuma. Mwizi sikumwona, ila masika hayajafika katikati kondoo walianza kukohoa na kutoa makamasi, na wawili wakawa wanachechemea.

Mtaalamu wa mifugo niliyemwita hakuanza kwa kuwapima wanyama. Alinitaka niingie bandani alfajiri, kabla mlango haujaachwa wazi, nichuchumae hadi pua yangu iwe usawa wa pua ya kondoo. Machozi yalinitoka, ndugu yangu. Kumbe siku zote nilikuwa nikisimama wima mlangoni na kujisifu kwamba banda langu halinuki, ilhali ile hewa kali ya mkojo huzalishwa pale chini wanapolala, na ndani ya chumba kisichopitisha upepo huwa haina pa kutokea. Hewa hiyo huunguza njia ya pumzi hata kichomi kikapata pa kuingilia. Nazo kwato zinazoshinda katika samadi mbichi hulainika, na kuoza huanzia katikati ya vidole.

Basi jibu la swali lako ni kozi nne, yaani kama mita moja, na kutoka hapo hadi paani utie wavu mzito wa chuma, ambao utamzuia mwizi bila kuuzuia upepo. Mimi nililazimika kumlipa fundi yuleyule abomoe alichokijenga. Urefu wa banda uelekeze mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni likute upande mwembamba, na pande zile ndefu zipokee kaskazi na kusi kwa zamu zake. Upande wa kusini uteremshe paa zaidi, kwa sababu kusi ikichanganyika na mvua ya masika hupiga kwa ubavu na kulowesha hadi katikati ya banda.

Sakafu ndiyo nakuomba uisimamie mwenyewe. Iwe kichanja cha mbao kilichoinuliwa kiasi cha mita moja, ili kijana wako aweze kuingia chini yake na kuzoa samadi, ambayo wakulima wa mchicha watakuja kuinunua. Fundi wangu, nilipomrudisha kujenga kichanja, alidhani kwamba nafasi pana baina ya mbao ndiyo usafi, akaacha vidole vitatu; mwanakondoo wa siku nne akatumbukiza mguu wa nyuma hadi gotini, na ilitubidi tukate ubao kwa msumeno huku mama yake akitupiga vichwa mgongoni. Sentimita moja na nusu inatosha kabisa, kwani kinyesi cha kondoo mzima ni vipunje vikavu ambavyo kwato zenyewe huvisukuma chini. Mabanzi, yaani vipande vya pembeni mwa gogo vinavyobaki mbao zikipasuliwa, usiyakubali hata ukipewa kwa bei ya kutupa, na nguzo uzipake oili chafu katika sehemu itakayofukiwa, kwa ajili ya mchwa.

Kwa idadi yako, banda la mita 5 kwa 6 litakutosha, pamoja na chumba cha dume na pembe ya wanaokaribia kuzaa. Shemeji akishikilia kuongeza mbuzi wake, uzio wa nje uupandishe hadi mita moja na nusu: kondoo husukuma, lakini mbuzi hupanda chochote, hata hori la kulishia.

Jambo la mwisho ni kizuizi kidogo, kilicho mbali na banda kubwa, ambamo kila mnyama utakayemtoa mnada wa Pugu atakaa wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenzake, maana ugonjwa wa virusi uitwao sotoka ya mbuzi na kondoo huenea kwa kukaribiana tu na hori la pamoja. Fito na wavu mkuukuu vinatosha kwa kazi hiyo. Mabaki yangu ya wavu bado yapo, kama mita 12, uje na kirikuu Jumapili uyachukue, na futi kamba yako usiisahau ili upime kichanja changu kabla fundi wako hajaanza kuchimba mashimo.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Hamisi