Barua ya Wazi kwa Kamishna wa NFL: San Diego Nayo Irudishiwe Kumbukumbu Zake

Mheshimiwa Kamishna Roger Goodell,

Mimi ni shabiki wa futiboli ya Kimarekani na mkazi wa San Diego. Ninakuandikia juu ya misimu miwili iliyomalizika kwa hesabu ileile: kushinda mechi 5 na kupoteza 11. Wa kwanza ni msimu wa 1995 wa Cleveland Browns, na wa pili ni msimu wa 2016 wa San Diego Chargers. Kila timu ilihama mara tu baada ya msimu wake huo, lakini NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani unayoiongoza, haikuitendea miji hiyo miwili sawasawa.

Mwaka 1994 Browns walikuwa wameshinda mechi 11 chini ya kocha Bill Belichick, na mwaka uliofuata walianza kwa kushinda 3 kati ya 4 za mwanzo. Tarehe 6 Novemba 1995, msimu ukiwa katikati, mmiliki Art Modell alitangaza kwamba timu inahamia Baltimore. Kesho yake tu, wapiga kura wa kaunti ya Cuyahoga, uliko mji wa Cleveland, waliridhia kuendelea kutozwa kodi ya pombe na sigara ili uwanja ukarabatiwe. Katika mechi 7 zilizobaki timu ilishinda 1 peke yake, nami sioni ajabu, kwa maana ni vigumu mtu kupigania nyumba aliyokwisha kuambiwa aihame. Ushindi huo ulipatikana tarehe 17 Desemba, 26 kwa 10 dhidi ya Cincinnati Bengals, katika mechi ya mwisho ya nyumbani, siku ambayo mashabiki waling'oa viti vya uwanja na mchezaji Earnest Byner akapita ukingoni akiwapa mkono wa kwaheri.

Februari 1996, kabla hujawa kamishna, ligi ilikubali kwamba jina la Browns, rangi zake na kumbukumbu zake zote za matokeo na rekodi zibaki Cleveland, na timu iliyohamia Baltimore ihesabiwe kuwa mpya. Browns waliporudi uwanjani mwaka 1999 wakiwa na kikosi kipya, historia yao ilikuwa inawasubiri, pamoja na vile vipigo 11.

Sisi wa San Diego hatukupewa chochote cha namna hiyo. Novemba 2016 wapiga kura wetu walikataa kupandisha kodi ya hoteli kwa ajili ya uwanja mpya, na ninaamini walikuwa na haki ya kukataa. Mkesha wa Krismasi Chargers walifungwa 20 kwa 17 na Browns, ambao walikuwa hawajashinda mechi hata moja msimu ule. Tarehe 1 Januari 2017 walifungwa nyumbani 37 kwa 27 na Kansas City Chiefs, na siku 11 baadaye Dean Spanos, mwenyekiti wa timu, akatangaza kwamba wanakwenda Los Angeles. Misimu 56 ya mji huu, yaani miaka ya wachezaji Dan Fouts, Junior Seau na LaDainian Tomlinson, ilichukuliwa pamoja na jina.

Najua nitajibiwa kwamba Chargers walizaliwa Los Angeles mwaka 1960. Ni kweli, lakini walicheza huko msimu mmoja tu. Wala jeraha hili si letu peke yetu. Baltimore yenyewe iliporwa timu yake ya Colts, ikapelekwa Indianapolis, usiku mmoja wa Machi 1984, na Johnny Unitas, mchezaji aliyelijengea jina hilo heshima, hakukubali kamwe kuhesabiwa kuwa mtu wa Indianapolis. Desemba 2023 Tennessee Titans, ambao zamani walikuwa Houston Oilers kabla ya kuhama, walivaa jezi za Oilers wakicheza na Houston Texans, timu ya sasa ya Houston. Watu wa Houston walilazimika kuzitazama rangi za mji wao zikivaliwa dhidi ya timu yao.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwanza, uwashawishi wamiliki waandike katika kanuni za kuhama kwamba jina, rangi na kumbukumbu hubaki katika mji unaoachwa, kama ilivyofanyika Cleveland. Pili, kumbukumbu za Chargers za kuanzia 1961 hadi 2016 ziandikwe rasmi kuwa za San Diego, ukiwemo msimu ule wa ushindi mara 5 na vipigo 11, kwa sababu sisi ndio tuliokaa majukwaani tukiutazama hadi mwisho.

Wako kwa heshima,
Shabiki wa San Diego