Mama aambiwe: moto ulikuwa chini yenu kweli

Morogoro, Septemba 2025

Mpendwa Furaha,

Barua yako kutoka Kampala imenifikia salama. Nimefurahi kusikia kuwa watoto wamezoea shule, na kwamba Mama aliyebaki Goma bado anapatikana kwa simu. Nisalimie sana, mwambie shikamoo.

Nianze na lake, maana limenikaa moyoni. Unasema mpaka leo Mama anaamini kwamba ile amri ya kuhama Goma, asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, ilikuwa uongo wa wakubwa. Mlitembea na magodoro kichwani hadi Sake, mkalala nje, na mlima haukulipuka mara ya pili. Mliporudi mtaani kwenu Majengo mkaikuta nyumba imesimama. Uchungu wake nauelewa. Lakini, Furaha, haukuwa uongo. Moto ulikuwa chini ya mji, na picha zinazoonyesha hivyo nimezitazama kwa macho yangu.

Picha hizo si za kamera. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1, zikipita karibu kilomita 700 juu yetu, hutuma mawimbi ya rada na kupokea mwangwi wake. Mawimbi hayo yanapita kwenye mawingu na moshi, usiku na mchana. Zikirudi mahali pale pale baada ya siku kadhaa, wataalamu hulinganisha mwangwi wa kwanza na wa pili. Ardhi ikiwa imesogea, hata sentimita mbili tatu tu, tofauti inaonekana na hupakwa rangi. Kila rangi zinapozunguka na kuanza upya, ardhi imesogea karibu sentimita 2.8. Sasa chukua picha ya kabla ya mlipuko wa tarehe 22 Mei uilinganishe na ya siku chache baadaye. Michirizi ya rangi imebanana kuanzia miteremko ya Nyiragongo, ikashuka kusini hadi Goma na Gisenyi ya Rwanda, ikaishia ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwa kuwa maji hayapimiki kwa njia hiyo. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza ardhini kama kabari kwenye gogo, ikisukuma pande mbili ziachane. Ncha yake ya juu ilikuwa kina kisichofika hata kilomita moja chini ya mlipokuwa mnakanyaga. Ile mitetemeko iliyowanyima usingizi, na nyufa zilizokata barabara, chanzo chake ni hicho.

Na ziwa lenyewe unalijua. Kule chini kabisa limebeba gesi za methane na kaboni dioksaidi nyingi mno, ambazo magma ingeweza kuzifumua. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana mbele ya Kivu, lilitoa gesi usiku mmoja likaua watu wapatao 1,700. Wataalamu wa kituo cha volkano cha Goma na wenzao wa Ubelgiji na Luxembourg walikuwa na picha ile mezani na ziwa lile mlangoni. Ningekuwa mimi, ningesema watu waondoke. Magma ikapoa humo humo chini bila kutoka, na hakuna chombo ambacho kingewaahidi hivyo mapema.

Swali gumu zaidi ni lako wewe: mbona tarehe 22 hamkuambiwa chochote? Hapo sitawatetea kupita kiasi. Kreta, lile shimo la kileleni, ilikuwa na ziwa la lava tangu mlipuko wa 2002, kwa hiyo magma ilikuwa tayari iko juu, haikuhitaji kupanda kutoka mbali na kuuvimbisha mlima. Ubavu wa mlima ulipasuka tu. Watafiti waliopekua vipimo baadaye waliona dalili za wazi kwenye mitetemeko chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Rada inayopita kila baada ya siku kadhaa haiwezi kuliona jambo la namna hiyo. Ndiyo maana nasema vipima mitetemo vya pale Goma, na mishahara ya wanaovitunza, ni muhimu kuliko setilaiti yoyote.

Umeniuliza pia kama mimi nashughulika na volkano. Hapana, mimi ni wa misitu. Tunapima miti ya Uluguru kwa mkono, kisha tunalinganisha na vipimo vya GEDI, mtambo wa leza uliofungwa kwenye kituo cha anga za juu tangu mwisho wa 2018. Leza hupiga doa la mita 25 ardhini, na mwanga unaorudi hueleza majani yako wapi na udongo uko wapi, hivyo urefu wa miti unajulikana. Tatizo ni mawingu, leza haiyapenyi. Kwa milima kama ya kwenu Virunga, ambako miti inaishia kwenye matanuri ya makaa, natarajia zaidi rada za mawimbi marefu zinazopenya majani: setilaiti ya Biomass ya Ulaya iliyorushwa Aprili mwaka huu, na NISAR ya Marekani na India iliyorushwa Julai. Hizo zitasaidia volkano pia, kwa kuwa mawimbi mafupi ya Sentinel-1 huchanganyikiwa kwenye miteremko yenye msitu mzito.

Naambatanisha picha ya rangi niliyoichapisha. Mtaa wenu nimeuzungushia duara kwa kalamu. Ukiongea na Mama, muulize ule ufa wa uani kwenu ulielekea wapi. Kabari ile ililala kaskazini kwenda kusini, na nyufa nyingi za mjini ziliifuata. Akikumbuka, niandikie.

Wako,
Zawadi