Vanadiamu ya Liganga isiende na mavi ya chuma

Mhariri,

Kila mradi wa kuchimba chuma wa Liganga unapotajwa, sisi wakazi wa Ludewa husikia habari za chuma na za makaa ya mawe ya Mchuchuma, ilhali vanadiamu, madini yaliyomo katika mwamba huo huo wa chuma, hupitiwa kama jina gumu tu. Mimi ni fundi wa sola, na kwangu jina hilo lina uzito kwa sababu ya betri.

Betri ninazozikuta vijijini karibu zote ni za madini ya risasi. Ukungu ukitanda siku tatu, mwenye nyumba huendelea kuwasha taa na televisheni mpaka inveta ilie, na betri ikikaa tupu kwa muda mrefu sahani zake huota ganda jeupe ambalo, likishakomaa, hakuna chaja ya kulitoa.

Betri ya vanadiamu ni ya namna nyingine kabisa. Umeme huhifadhiwa katika maji, yaani vanadiamu iliyoyeyushwa ndani ya asidi ya salfa, yanayokaa katika matangi mawili na kuzungushwa kwa pampu hadi kwenye seli, yaani sehemu ya betri inayoingiza na kutoa umeme. Kwa kuwa pande zote mbili zina madini yale yale, hata yakivuja kidogo kutoka upande mmoja kwenda mwingine hayaharibiki kwa kudumu, na anayetaka umeme wa saa nyingi zaidi huongeza ukubwa wa matangi. Profesa Maria Skyllas-Kazacos na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliiunda katika miaka ya 1980. Mwaka 2022 mji wa Dalian, China, uliwasha moja yenye uwezo wa kutoa megawati 100 kwa saa 4.

Ni nzito, tena ina mabomba mengi, hivyo haifai simu wala bodaboda. Mahali pake ni kwenye mitambo ya umeme inayotumikia watu wengi. Gharama yake kubwa imo kwenye hayo maji ya vanadiamu, nayo malighafi yake tumeikalia.

Sehemu kubwa ya vanadiamu duniani hutolewa kwenye mavi ya chuma yanayobaki chuma chenye vanadiamu kama hiki kinaposafishwa. Wahunzi wa Kipangwa wa zamani waliyatupa mavi yao bila kosa lolote, kwa kuwa hapakuwa na soko. Sisi hatuna udhuru huo. Naomba mkataba wowote wa Liganga utaje vanadiamu kwa kilo na kwa bei, na useme mavi hayo yatachakatwa wapi na ni mali ya nani.

Fundi wa sola,
Ludewa, Njombe.