Barua ya wazi kwa vijana wa Kariakoo wanaofuata mzigo Yiwu

Wanangu,

Nawasikia mkisimulia bei za Yiwu, kule China, na soko lake lenye vibanda kama 75,000. Sijamsikia anayeuliza mji ule, usio na bandari wala ardhi ya maana, ulilipataje soko hilo. Basi nisikilizeni kabla hamjakata tiketi nyingine.

Watu wa Yiwu walianza wakiwa wamachinga. Mkulima alibeba sukari guru vijijini akibadilishana na manyoya ya kuku. Hata baada ya serikali kuu ya Beijing kuanza mageuzi ya uchumi mwishoni mwa 1978, wachuuzi waliendelea kukimbizwa na kunyang'anywa bidhaa. Mwaka 1982 mama mchuuzi, Feng Aiqian, alimvizia katibu mpya wa Chama cha Kikomunisti wa wilaya ya Yiwu, Xie Gaohua, akambana kwa maneno: ana watoto wa kulisha, anafukuzwa kwa kosa gani? Xie hakuwa na waraka wa taifa wa kujikinga nao. Hata hivyo, Septemba mwaka huohuo wilaya ilifungua soko, meza za kuunga-unga mtaani.

Mimi kilichonikaa zaidi ni kodi ya biashara, si ya pango. Badala ya kupekua kila mauzo, kila meza iliwekewa kiwango maalumu. Mchuuzi akajua deni lake mapema, akaacha kujificha, na serikali ya pale ikapata fungu la kujengea soko kubwa zaidi, kisha jingine. Mwaka 1984 wilaya ikatangaza kuwa itajijenga kwa biashara. 1988 ikapandishwa kuwa mji. Viwanda ndivyo vilivyolifuata soko, wala si soko kufuata viwanda.

Msibebe kila kitu, lakini. Tangu Shenzhen, mji wa kusini mwa China, ilipopiga mnada haki ya kutumia ardhi mwaka 1987, miji mingi kule imezoea kuishi kwa pesa ya viwanja, na sasa mingine inaelemewa na madeni. Na kibarua aliyetoka kijijini bila usajili wa mjini, hukou, alihangaika hata kumpatia mwanawe shule.

Mkikaa na madiwani, pelekeni ombi moja: kiwango cha kodi kijulikane mapema, kwa fremu na kwa meza, na mmachinga aonyeshwe mahali pa kwenda kabla ya kuondolewa. Na anayesafiri mwezi ujao, akimpata mwenye kibanda wa zamani, amuulize kodi ile ya mwanzo ilipangwa na nani na ilikusanywaje. Jibu aliandike, alilete kikaoni.

Mzee wenu